Mvua ya Sura ya Saba

Mvua ya jana jioni ilinikuta kwenye kibanda cha fundi viatu, Kawangware. Mabati yakaanza kulia, fundi ananitajia bei na mimi naona midomo tu. Nikamkumbuka Mwalimu, mwandishi ambaye riwaya yake tuliigeuza tamthilia, mimi nikiwa mtu wa sauti.

Sura ya saba ndiyo moyo wa riwaya yake. Mama anamwambia mwanawe baba yake ni nani, mvua imechachamaa juu ya mabati, kijana anasikia nusu. Nusu hiyo ndiyo inayomhangaisha mpaka mwisho wa kitabu. Kwenye muswada wa kipindi cha nne, mvua haikuwepo. Mama na mwana wamekaa kwenye kochi, mchana mkavu, na kijana anasikia kila neno.

Watayarishaji walikuwa na sababu, na sababu yenyewe niliwapa mimi. Tulipokwenda kukagua nyumba ya kupigia picha tulimwagia paa maji kwa mpira. Mita yangu ikasoma desibeli 82 ndani. Mtu akiongea kawaida, ukiwa mita moja naye, ni kama 60. Hata maiki niliyoificha chini ya leso ilileta mabati matupu. Kwenye ripoti nikaandika: "Sauti haitatumika." Nikaishia hapo.

Mwalimu alifika kikaoni na kitabu chake na nakala ya mkataba. Alitaja kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kinachompa mwandishi haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Mtayarishaji akafungua mkataba uleule: kampuni inaruhusiwa kubadilisha "kadiri ya mahitaji ya utayarishaji." Kuondoa mvua, akasema, hakumvunjii mtu heshima. Kisha akaisukuma ripoti yangu katikati ya meza. "Mwalimu, watu wa sauti wamesema haiwezekani."

Mwalimu hakuitazama karatasi. Alinigeukia mimi. Kidole chake kilikuwa bado ndani ya kitabu, kimeshika ukurasa.

"Binti yangu, haiwezekani?"

"Ni ngumu, Mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole. Kidole akakitoa, kitabu kikajifunga.

Lakini inawezekana. Unatandika magodoro chakavu ya sponji juu ya paa, upande walipo waigizaji, unayafunika kwa magunia na kuyafunga kwa waya, maana yakilowa yanateleza. Maji unayaelekeza kwenye ukingo wa paa tu, yaanguke mbele ya dirisha na mlango. Taa kubwa inakaa nje, nyuma ya maji. Ukiyamulika kwa mbele kamera haiyaoni. Bauza la maji la lita 10,000 linaegeshwa mbali, na jenereta mbali zaidi, isije ikaingia kwenye maiki. Pampu ikizimwa, waigizaji wanarudia maneno yao papo hapo, pumzi ikiwa bado ileile. Mlio wa mabati unauweka kwenye uhariri, na hapo unachagua neno gani lizame.

Ingetugharimu nusu siku. Kipindi cha dakika 26 tulikuwa tunakipiga kwa siku mbili, na nilijua nusu siku hiyo ingeandikwa kwa jina langu. Nikanyamaza.

Kufika kipindi cha tisa, kijana hakuwa tena na sababu ya kusafiri kwenda Kisumu kumtafuta baba, kwani alishajua yote. Ikabidi wamtungie barua iliyopotea. Septemba 2024 mwandishi wa riwaya wa Marekani, George R. R. Martin, alieleza hadharani jinsi mhusika mmoja mtoto aliyeondolewa kwenye tamthilia ya kitabu chake angebomoa mengine mbele ya safari. Sababu aliyokuwa amepewa ilikuwa ya kikazi kabisa: bajeti, na ugumu wa kupiga picha na watoto wadogo. Nilisoma nikaona ripoti yangu.

Pale kibandani nilirekodi dakika sita za mvua kwa simu. Namba ya Mwalimu ninayo. Sijajua nimwandikie nini chini ya rekodi hiyo.