Ndovu wote hawa, mimi natafuta vithiripi

Wiki iliyopita nilikuwa Mwaluganje, ile hifadhi ya ndovu kule Kwale, ubavuni mwa Shimba Hills, ambayo wenyeji waliachia mashamba yao wanyama wapate njia. Kazi yangu kuhesabu aina za vithiripi. Ndiyo, wale wadudu wadogo, hao hao wanaoangusha maua ya kunde.

Unapiga tawi kwa fimbo juu ya trei nyeupe, unasubiri vumbi lianze kutembea, kile kinachotembea unakiokota kwa brashi ya kuchorea uliyoilowesha spiriti, basi. Mdudu mwenyewe milimita moja, mbili akijitahidi, na jasho likidondokea kwenye trei anza upya.

Mzee mmoja aliyetusindikiza aliniangalia weee, mwisho akashindwa. "Mwanangu, ndovu wote hawa, wewe unahesabu chawa?" Nikacheka tu, maana jibu fupi sina.

Siku mbili za kwanza nilikomaa na maua, chupa zinajaa haraka unajiona bingwa, kumbe ukiweka kwenye lenzi ni wale wale, na mia wa aina moja bado ni aina moja. Siku ya tatu tukasimama kungoja ndovu wavuke njia, pembeni kuna tawi walilolivunja zamani, halijadondoka, linaning'inia na majani yamekauka yakajikunja, nami nikalipiga kwa kupoteza muda tu. Jamani! Weusi, wakubwa, wanatembea taratibu wamebinua mkia, na mkia wenyewe ni kama kibomba. Hao ni wa kundi la Tubulifera, na wengi wao maua yako hawana habari nayo, wanakula kuvu inayoota kwenye majani na vijiti vilivyokufa. Sisi tumezoea kithiripi ni adui wa shamba, wakati duniani zimeshaelezwa aina zaidi ya 6,000 na zinazosumbua mazao ni chache mno.

Tangu hapo nikawa nafuata mti wowote ulioguswa na ndovu. Nikamwita mzee, nikamwambia hawa nyumba yao kajenga ndovu, akivunja tawi linakauka, likikauka kuvu inaota, chakula hicho. Nikampa lenzi. Akafumba jicho moja, akakaa nayo kitambo.

"Huyu mkonga wake uko nyuma," akasema. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo darasani.

Sasa aibu yangu. Lebo za ndani ya chupa niliandika kwa kalamu ya wino, spiriti ikaufuta wote, nina chupa nne za weusi wale na sijui ipi ya mti upi. Kila mtu aliniambia tumia penseli. Narudi Alhamisi, penseli nimenunua tatu.