Nilivyozipima reale za Maria Theresa

Bibi yangu alituachia reale kadhaa za fedha, zile kubwa zenye kichwa cha mwanamke mnene upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Kabla ya kugawana urithi nilitaka tujue tunagawana nini hasa.

Zote zimeandikwa 1780, na mwaka huo ndio unaowachanganya watu. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea reale yake, hawakutaka nyingine. Basi Vienna ikaendelea kuzipiga kwa tarehe ileile. Baadaye zikapigwa Roma, London, hata Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Herufi S.F. chini ya kifua chake nazo hazisemi reale ilipigwa lini, kwa sababu zilinakiliwa pamoja na tarehe.

Kwanza nilitafuta ipi ni fedha kweli. Reale halali ina gramu 28 na ushei, upana wa milimita 40 hivi, na ukingoni imeandikwa IUSTITIA ET CLEMENTIA. Sonara mmoja wa mtaani kwetu aliniazima mizani yake. Tuliweka glasi ya maji juu yake, tukairudisha kwenye sifuri, nikaitumbukiza sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Ikasoma 2.8, yaani gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya 28 kwa 2.8 upate 10, yaani sarafu ni nzito mara 10 kuliko maji ya ujazo uleule, na hapo ndipo fedha ya namna hii inapokaa. Moja ilisoma 3.3, tena ukingo wake mtupu. Hiyo tukaiweka kando.

Umri ndio kazi ngumu. Kwa lenzi nilihesabu lulu za bizimu la begani, nikatazama manyoya ya mkia wa tai, nikilinganisha na picha za katalogi, maana kila kiwanda kilikuwa na mkono wake. Zetu nyingi ni za karne ya 20.

Kwa hizo bei hufuata fedha iliyomo: gramu 23.4 safi, zidisha kwa bei ya siku. Yenye kishikio cha kidani kilicholehemiwa, wakusanyaji huipunguzia. Sikuzisugua hata moja, kwani sarafu iliyong'arishwa hushuka thamani. Mbili ambazo bizimu lake halikufanana na za kisasa nimezitenga, zikaonwe na mjuzi kabla hazijauzwa.