Treni Tatu Ukutani kwa Shangazi

Mwaka 2004 shangazi yangu alikuwa na gesti karibu na stesheni ya Tabora, na alikuwa amechoka kuulizwa kila siku treni ya wapi inapita wapi. Mimi nilikuwa mchora mabango. Akaninunulia makopo matatu ya rangi, nyekundu, bluu na kijani, akanionyesha ukuta wa mapokezi. "Nichoree reli, wasinisumbue tena."

Nikachora reli. Nilifuata ramani ya shule kwa penseli: mstari mmoja Dar hadi Kigoma, tawi la Mwanza likichomoka Tabora, la Mpanda likichomoka Kaliua. Nikaongeza Kilosa hadi Kidatu, Manyoni hadi Singida, na ile ya Ruvu kwenda Mruazi inayokutana na reli ya Tanga na Moshi. Mwanza iliangukia juu ya swichi ya taa, nikaisogeza kando. Nilijiona fundi kwelikweli.

Asubuhi akaja mzee mmoja, gadi mstaafu, aliyezoea kunywa chai pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa ukutani.

"Mwanangu, abiria wa Mpanda umemshusha Kaliua."

"Si ndipo reli inapogawanyika, mzee?"

"Reli, sawa. Treni yenyewe inaanzia hapa Tabora. Akishuka Kaliua ataisubiri treni iliyotoka hapa hapa, na ataikuta imejaa." Akapuliza chai yake. "Na hii ya Moshi, treni ya abiria umeiona wapi?"

Kweli, reli ya Moshi ilikuwepo, ila treni za abiria zilikuwa zimekoma zamani. Nikaifuta. Kidatu na Singida nazo nikazifuta, maana hakuna mgeni wa shangazi aliyewahi kuziulizia.

Tulipokwama ni Mwanza na Kigoma. Toka Dar ilikuwa treni moja. Ikifika Tabora mabehewa yanatenganishwa, kila upande unapata kichwa chake. Kwa hiyo nilitaka mstari mmoja mpaka hapa, kisha miwili. Mzee akakataa katakata. Behewa la Mwanza ni la Mwanza tangu Dar, akasema, na yeye alishawaona watu wa Mwanza waliokwenda kupiga soga na ndugu zao behewa la Kigoma, usingizi ukawachukua, wakazinduka Urambo.

Basi nikachora nyekundu na bluu zikiwa zimebanana kuanzia Dar, bila hata upenyo, mpaka Tabora zinapoachana. Kijani ya Mpanda nikaipa duara lake Tabora, ikaambatana na bluu ya Kigoma hadi Kaliua ndipo ikakata kusini. Miaka mingi baadaye nikaona ramani ya treni za London aliyoibuni Harry Beck, iliyotoka 1933, kila kitu kimenyooshwa kwa rula. Nikacheka peke yangu. Mimi Mwanza ilisogezwa na swichi.

Kijani iliniisha nilipofika Urambo. Nikachanganya bluu na mabaki ya njano niliyokuwa nayo, ikatoka kijani nyingine iliyopauka, nikamalizia nayo hadi Mpanda.

Mgeni wa kwanza kuisoma alikuwa mama mmoja mwenye ndoo mbili za samli. Aliiangalia kwa makini, akaifuata kwa kidole, kisha akamgeukia shangazi:

"Hapa Urambo ndipo tunabadilisha treni?"