Udi wa Mjomba: programu tatu, laptopu moja

Januari 5

Nimeanza. Kazi yenyewe ni kurekodi nyimbo tano za udi (ile ala ya nyuzi) za Mjomba hapahapa nyumbani Kibokoni, Mombasa, kisha kumwekea ngoma na fidla nyuma yake. Ana miaka 72 na kidole chake cha pete kimeanza kukaza. Mwaka juzi tulikwenda studio moja mjini. Wakamvisha hedifoni, wakamwambia afuate mlio wa kuhesabu mapigo, tii, tii, tii, mwanzo mpaka mwisho. Kilichotoka hakikuwa yeye. Tangu siku ile nimeapa nitamrekodi mwenyewe.

Vifaa nilivyonavyo: laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, maiki moja ya kondensa, na kibodi ya funguo 49 ya MIDI, lugha ya kuiambia kompyuta ni noti gani ipigwe na kwa nguvu gani. Jeki za waya nazipangusa kila wiki, maana hewa ya bahari huku haikawii kuzitia kutu.

Mwezi huu nataka kujua nifanyie kazi programu gani ya kurekodi na kupanga muziki. Nitajaribu LMMS, FL Studio na Reaper. Logic, nyingine ya aina hiyo, nimeiacha bila kuigusa, kwa sababu tangu Apple iinunue Emagic, kampuni iliyoitengeneza, mwaka 2002, iko kwenye vifaa vya Apple tu.

Januari 9

LMMS ni ya bure kabisa. Nimeipenda kwa kupangia ngoma. Nilikuwa na mdundo unaosikika ndani ya nusu saa. Lakini toleo hili thabiti halirekodi sauti ya maiki. Unaweza kuingiza faili lililorekodiwa kwingine, ila huwezi kubonyeza kitufe chekundu Mjomba akapiga. Kwa mtu anayetengeneza muziki wote ndani ya kompyuta, sawa. Kwangu mimi udi ndio wimbo wenyewe. Nimeiweka kando.

Januari 14

FL Studio. Vijana wengi ninaowajua hapa Mombasa wanaopika midundo wanaitumia hii, kwa hiyo msaada uko karibu. Ukikwama unamwita mtu. Ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na asili yake bado unaiona: safu za vitufe 16, unawasha kile unachotaka kilie.

Hapo ndipo chakacha, mdundo wa ngoma zetu za pwani, ilipoanza kunisumbua. Vitufe 16 ni mwendo wa nne kwa nne. Chakacha ni 6/8, mapigo sita katika kila kipimo (fungu moja la mapigo): mmoja anahesabu mbili, mwenzake anahesabu tatu, na wote wawili wako sawa. FL Studio inakubali kubadilishwa, unaingia kwenye mipangilio ya mradi na kuweka 6/8, kisha safu inakwenda kwa 12. Nikapanga vumi, ile ngoma nzito, chini, na chapuo, ile ngoma ndogo, juu, nikamwita Mjomba asikilize.

Akasikiliza wimbo mzima kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, hii imenyooka mno. Hakuna mtu atakayeinuka."

Nikakaa na lile chapuo usiku kucha. Katika MIDI kila pigo lina nguvu yake, kutoka 0 hadi 127, na mimi nilikuwa nimeyaacha yote kwenye 100. Nikaweka la kwanza 112, la pili 71, la tatu 88. Kisha nikalisogeza la tatu mbele kidogo, milisekunde 12, liwahi kabla ya mstari wake. Pigo moja tu katika kila matatu. Asubuhi Mjomba alikuwa jikoni anakunywa chai. Nikaliwasha bila kusema kitu. Mguu wake ukaanza kwenda.

Programu zote tatu zinaweza kufanya hivyo. Ila katika FL Studio kuvuta mapigo kwa jicho na sikio ni rahisi kuliko kwingine kote nilikogusa, na hilo nalisema wazi.

Kuhusu bei: toleo lake la chini kabisa, Fruity, halirekodi sauti ya maiki, ni lazima ununue lile la Producer. Na toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini ukiufunga huufungui tena mpaka ulipie. Jambo zuri ni kwamba ukishanunua, matoleo mapya unapata bila kulipa tena.

Januari 19

Kuchelewa kwa sauti. Mjomba alitaka kusikia udi wake kwenye hedifoni huku akipiga, akalalamika kwamba "mwangwi unanifuata nyuma." Kadi hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuipitisha. Fungu langu lilikuwa la sampuli 1024, yaani vipande vidogo vya sauti. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 23, kwenda tu, kabla hujahesabu kurudi. Nikachagua dereva (programu ndogo inayounganisha kadi na kompyuta) ya ASIO ya kadi yenyewe badala ya ile ya Windows, nikashusha fungu hadi 128. Laptopu ikaanza kukwaruza. Kwenye 256, karibu milisekunde 6, ikatulia, na Mjomba hakulalamika tena. Hili halihusu programu. Ni kadi na dereva. Usibadilishe programu kwa sababu ya kuchelewa kabla hujagusa mpangilio huu.

Januari 24

Reaper. Faili la kuiweka ni dogo, inafunguka upesi, na inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Sura yake haivutii, na haiji na ala za maana. Kuna sampla moja, inayopiga sauti ulizorekodi, na sintesaiza moja nyepesi, inayotengeneza sauti yenyewe. Chapuo na vumi nilivipiga mwenyewe mbele ya maiki, nikavitia kwenye ile sampla.

Leo tumerekodi wimbo wa kwanza. Saa nane usiku, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, kaskazi imekazana na jasho linatutoka. Mchana haiwezekani: kunguru, tuktuk, watoto wa madrasa. Nilimwambia Mjomba asifuate mlio wowote. Apige anavyopiga barazani.

Alianza taratibu na kuongeza mwendo kadiri wimbo ulivyompeleka. Nilipopima baadaye, mwanzo ulikuwa mapigo 94 kwa dakika, mwisho 103. Studio ile ingeliita hilo kosa.

Januari 27

Hili ndilo nililokuwa nikilitafuta. Reaper inakuruhusu kuweka alama kutoka pigo la kwanza la kipimo hadi pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, kisha ukaiamuru itengeneze kipimo kutokana na ulichochagua. Mistari ya gridi, ile inayoonyesha mapigo, inahama na kukaa juu ya udi. Nilifanya hivyo kipimo baada ya kipimo, wimbo mzima, masaa matatu. Nilipoingiza chapuo, likamfuata Mjomba: akiharakisha linaharakisha, akivuta pumzi nalo linangoja.

Onyo moja kwa atakayejaribu. Kabla ya alama ya kwanza, iambie traki ya udi ifuate wakati, isifuate mapigo. Mimi sikufanya hivyo usiku wa kwanza, na kila alama niliyoweka ikanivuta na kunikunja sauti ya udi yenyewe. Jioni nzima ilipotea.

FL Studio nayo inaweza kubadilisha tempo katikati ya wimbo. Unachora mstari wa tempo mwenyewe. Nilijaribu kwa dakika mbili za udi. Nilikuwa nakisia na kusahihisha, nakisia na kusahihisha, na chapuo halikukaa.

Februari 2

Fidla. Wimbo wa pili uko kwenye Bayati, mojawapo ya maqam, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Ukianzia re, ile mi inashuka hadi katikati, si mi ya piano wala si ile ya chini yake. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole kinakwenda kinakotaka. Fidla ya kompyuta ikashika mi ya piano. Mjomba akaacha kupiga. "Mimi nakwenda huku, huyu ananivuta kule."

Kwanza nilishusha noti kwa kuchora mkunjo wa sauti. Mkunjo wa MIDI una hatua 8192 kushuka, na kwa kawaida hatua hizo zote ni sauti nzima moja, yaani senti 200 (senti 100 ni kutoka ufunguo mmoja wa piano hadi wa jirani yake). Robo ya sauti, senti 50, ni hatua 2048. Tatizo ni kwamba mkunjo unashika chaneli nzima: noti mbili zikilia pamoja zote zinashuka.

Nikahamia Surge XT, sintesaiza ya bure inayosoma mafaili ya Scala. Faili la Scala ni maandishi matupu, orodha ya senti za kila noti, unalifungua kama barua. Penye 400.0, ndiyo mi ukihesabu kutoka do, nikaandika 350.0. Mjomba akasikiliza. "Chini kidogo." 345. "Chini." Tulitulia kwenye 342. Akaniambia mi ya Rast, maqam nyingine, inakaa juu kuliko hii ya Bayati, kwa hiyo nimetengeneza faili la pili na nitalipima naye tukifika huko.

Februari 8

Leseni ya Reaper nimelipia leo. FL Studio sikuinunua. Nikitaka kupika mdundo kwa haraka nitakwenda kwa jirani.

Nyimbo mbili zimekamilika. Wa tatu una mistari ya gridi lakini hauna fidla bado. Wa nne unangoja uzi mpya wa udi, ule wa chini kabisa, uliokatika Jumanne katikati ya kurekodi. Kipande kilichorekodiwa kabla haujakatika nimekihifadhi.