Chumba cha miezi tisa, intaneti ya miaka miwili

Vijana wetu wanaofunga safari ya Uingereza huuliza habari za baridi na kodi ya nyumba. Ya intaneti hawaulizi, maana kwetu si jambo la kuumiza kichwa: unatia bando la wiki, likisha unatia jengine, na ukivuka kutoka Pemba kwenda Unguja laini unayo mfukoni.

Nipo likizo Chake Chake, na jana mpwa wangu kaniletea simu nimtazamie ofa ya mkataba wa intaneti ya nyumbani huko Uingereza.

"Mjomba, pauni 25 tu kwa mwezi. Si niuchukue?"

Nikamwambia ateremke chini, kwenye yale maandishi madogo. Miezi 24. Yeye anakwenda kusoma mwaka mmoja, na chumba alichopata ni cha miezi tisa.

Akitoka mapema atadaiwa malipo ya kuvunja mkataba, na hayo hupigwa hesabu kwa miezi iliyobaki. Kwake ni 15, yaani pauni 375 kabla ya punguzo lolote. Mikataba ya mwezi kwa mwezi ipo. Tuseme ni pauni 35: miezi tisa inakuwa 315, pengine na ada ya kuunganishiwa, kisha unatoa taarifa ya siku 30 na kwenda zako. Huo wa bei rahisi, miezi tisa 225, ukiongeza hata nusu tu ya lile deni umeshaupita.

Kampuni watakwambia ukihama utahama na mkataba wako. Kweli, iwapo wanafika huko unakohamia. Mtaa mmoja una faiba, ule waya mpya wa kasi, wa pili una waya wa zamani wa simu, na kampuni yako huenda haina chochote hapo. Tia postikodi ya nyumba, yaani msimbo wa anwani yake, kwenye tovuti yao kabla ya kusaini. Faiba mpya nayo huenda ikataka ukuta utobolewe, na hapo mwenye nyumba lazima aridhie.

Nyongeza ya bei pia itazame. Kwa mikataba iliyofungwa tangu tarehe 17 Januari 2025, Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano kule, wamezitaka kampuni zitaje nyongeza kwa pauni na peni kabla hujakubali. Basi imeandikwa, ni wewe tu kusoma. Ukinunua mtandaoni au kwa simu una siku 14 za kughairi. Ukisaini dukani, haki hiyo usiitegemee.

Linalonikera zaidi ni nyumba za kushirikiana. Mnakaa wanne, Wapemba wawili, mmoja wa Mjini, mmoja wa Mombasa, na mkataba unaandikwa kwa jina la yule mwenye muhali, asiyeweza kusema hapana. Mmoja anahama, wa pili kakosa zamu za kazi, na barua za deni zinamjia yeye peke yake. Deni likifika kuandikwa kwenye rekodi yake ya mikopo, hukaa miaka sita. Kampuni na wenye nyumba wakiiona, kupata mkataba wa simu taabu, kupata nyumba taabu. Kama jina ni lako, chukua fungu la kila mtu kabla ya tarehe ya kulipa, ndugu au si ndugu.

Mpwa wangu nimemshauri aanze na ruta ya laini ya simu (kisanduku cha kugawa intaneti), laini ya kulipia kabla, isiyo na mkataba. Mgeni hana historia ya mikopo, na kampuni nyingine humkataa kwa hilo tu. Aiweke dirishani, nyumba za matofali mazito hula mawimbi, na chumba cha chini ya ardhi ndiyo usiseme. Kwanza lakini aulize kama bili zimo ndani ya kodi. Kwenye mabweni ya vyuo kwa kawaida intaneti imo.

Na kama mwisho atafunga mkataba, ruta atakayopewa na kampuni ni mali yao mara nyingi. Airudishe na risiti ya posta aiweke, kwani isipofika humtoza.