Heidi Kabel, mtoto wa mjini Hamburg

Ukishuka kituo kikuu cha treni hapa Hamburg ukatokea upande wa St. Georg, mtaa ambao Waafrika wengi tunafuata unga na mawese, utaiona sanamu ya mama mmoja. Ni Heidi Kabel, na uwanja wenyewe umepewa jina lake. Mwigizaji huyu nampenda kwa dhati.

Alizaliwa mwaka 1914 mtaa wa Große Bleichen, karibu na lilipokuja kuwa jengo la Ohnsorg, ukumbi wa maigizo ya Kiplatt, lugha ya asili ya kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka 1932 alimsindikiza tu rafiki yake kwenye usaili. Richard Ohnsorg, mwanzilishi wa kikundi, akamtaka yeye msindikizaji! Hakuliacha jukwaa lile mpaka tarehe 31 Desemba 1998.

Runinga ndiyo iliyomfikisha nchi nzima, kuanzia miaka ya 1950. Kiplatt kilichanganywa na Kijerumani cha kawaida ili hata mtu wa Munich aambulie. Wapo waliolalamika kwamba lugha imechujwa. Mimi naona walifanya vema: mtu wa Lamu akizungumza na wa Dodoma hulegeza Kiamu chake, na bado unajua katokea wapi.

Jirani yangu wa chini, bibi wa miaka themanini na kitu, ndiye aliyenikalisha kutazama igizo lake la ngazini, lililorekodiwa mwaka 1966. Kabel ni Meta Boldt, mpangaji mbea: nani kaingia, nani katoka, nani kapangisha chumba kwa siri, yote anayo. Bibi alikuwa akiyawahi maneno kabla Meta hajayatamka, huku chai inapoa. Nikamwelewa Kabel pale. Aliwaigiza wanawake wa kupiga deki na kulipa kodi bila kuwadhalilisha. Hata mbea wake unamwonea huruma.

Alifariki Juni 2010 akiwa na miaka 95, akaagwa kanisa la St. Michaelis. Bintiye, Heidi Mahler, naye ameigiza Ohnsorg miaka mingi.

Ukumbi ulihamia hapo karibu na kituo mwaka 2011. Mlioko Hamburg, nendeni. Kiplatt kisiwatishe: kina undugu na Kiingereza, maji ni "Water", na mwenye Kijerumani cha kazini tu atacheka na wenzake.