Siku Tatu Juu ya Kilombero, Maji Yakirudi Mtoni

Mjomba alikuwa amechuchumaa ukingoni akikagua kijiti. Kipande cha mwanzi, kimechomekwa kwenye tope, kimechanjwa alama kwa kisu kutoka chini hadi juu. Nilimsalimu akiwa bado amekikazia macho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Yamepungua vidole vitatu tangu jana. Umekuja wakati wake."

Ilikuwa Juni, masika yanakatika. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam, nikateremka Ifakara, nikachukua bodaboda hadi Kivukoni, kando ya mto Kilombero. Tangu marehemu mama azikwe nilikuwa sijarudi, na safari hii sikutaka kukaa uani kunywa chai na kuondoka. Nilitaka kupanda mtumbwini na kaka yake, nikaone kazi iliyomlea mama.

Kivukoni siku hizi kuna jina la kivuko, kivuko chenyewe hakipo. Kuna daraja la mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, na magari ya kwenda Mahenge yanapita juu bila kusimama. Tulipokuwa tukipita chini yake mjomba aliinua kasia, akaacha mtumbwi uteleze wenyewe hadi tulipotoka kivulini. Januari 2016 kivuko kilipinduka hapo kwenye dhoruba usiku. Sikumuuliza kitu, naye hakusema kitu.

Mtumbwi wake ni gogo moja lililochongwa, mrefu na mwembamba, na ukikaa ndani maji yako kiganja kimoja tu kutoka kwenye kiwiko chako. Mjomba alikaa nyuma na kasia, binamu yangu akasimama mbele na upondo, mimi nikawekwa katikati juu ya kiroba cha mchele. Tukapandisha mto. Mkono wa kulia ukuta wa milima ya Udzungwa, wa bluu, vilele vimefunikwa mawingu. Mkono wa kushoto, mbali kidogo, milima ya Mahenge. Katikati yake bonde tambarare na nyasi zinazomzidi mtu kimo, na mto wenyewe ukijipinda kana kwamba hauna haraka.

Lakini haraka unayo. Maji haya yanateremka kwa nguvu kutoka nyanda za juu za Njombe na Mufindi, kwa Mnyera, Mpanga na Ruhuji, mito ya mawe na maporomoko. Yakifika bondeni yanatanuka. Wakati wa masika bonde zima linakuwa ziwa, samaki wanatoka mtoni wanaingia majanini kuzaa, na watoto wao wanakulia humo, kwenye maji ya vuguvugu yenye chakula tele. Masika yakikatika maji yanatafuta njia ya kurudi, na samaki nao. Kila kijifereji kinakuwa mlango. Mvuvi wa Kindamba anaijua milango hiyo kama anavyoijua ya nyumba yake.

Tulifika kwenye mmojawapo kabla ya adhuhuri. Haukuwa na upana wa kuzidi hatua nne. Binamu alishuka maji yakamfika kifuani, akaanza kupapasa uzio wa matete walioufunga juzi yake, akitafuta migono. Aliinua wa kwanza ukivuja maji pande zote. Niliushika. Ni kazi ya mkono kabisa: fito nyembamba zimefungwa duara kwa kamba za mimea, na mdomoni kuna fito nyingine zilizochongoka zinazoelekea ndani, kwa hiyo samaki anaingia akizisukuma, akitaka kutoka zinamchoma. Humo ndani mlikuwa na perege saba, kambale mmoja mnene, na kitoga.

"Huyo usimguse," mjomba aliniambia. Akamshika mwenyewe, kidole gumba nyuma ya mwiba wa mgongoni, vidole viwili nyuma ya miiba ya ubavuni, akanionyesha jinsi mwiba unavyojifunga ukisimama. Huwezi kuulaza kwa kuusukuma. Kiganja chake cha kushoto kina kovu la duara kama punje ya mahindi, la kitoga wa mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Perege wadogo aliwarudisha. Aliwahesabu akiwarudisha, mmoja mmoja, kama anayelipa deni. Mbele kidogo tulikuta chandarua cha kuzuia mbu kimetegwa kwenye mfereji mwingine, na humo mlikuwa na vidagaa visivyofika urefu wa kidole, maelfu, vimekufa. Mjomba alikikata kwa kisu akakikunja, akakitupa ndani ya mtumbwi. Kwa muda mrefu hakuongea. Halafu akasema, "Huyu amevua mwaka wa kesho." Niliona macho yake yamekuwa mekundu, na hata sasa nikiandika roho inaniuma, kwa sababu aliyekitega si mtu mbaya, ni mtu mwenye njaa na watoto kama wengine wote.

Jioni tulivua kwa mshipi, na hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikiisubiri tangu utotoni, kwa hadithi za mama. Kuna samaki humu mwenye meno nje ya mdomo, kwa Kiingereza tigerfish. Aina yake mojawapo wanasayansi waliiandika mwaka 1986 wakaipa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Wageni wanalipa pesa nyingi kwenda kumvua huko juu Mnyera na Ruhuji, kisha wanamwachia. Mjomba humvua kwa ndoano iliyofungwa kwenye uzi wa waya aliochomoa kwenye breki ya baiskeli, maana nailoni samaki huyo anaikata kama uzi wa kushonea.

Tulifunga mtumbwi chini ya mkuyu, mahali maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Nilitupa chambo, kipande cha perege. Wa kwanza alivuta mpaka mshipi ukanichana kidole cha shahada, akaruka juu ya maji mara mbili akitikisa kichwa, na mara ya pili ndoano ikarudi kwangu peke yake, imenyooka kama msumari. Wa pili nilimpata giza likiingia. Alikuwa na urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko, ubavu wa fedha wenye mistari myeusi iliyopangika, na mapezi mekundu kuelekea rangi ya chungwa. Mdomo ulikuwa umefungwa, na meno yalikuwa yanaonekana yote, ya juu yameingia kwenye nafasi za ya chini. Mjomba alimgonga kichwani mara moja. Nyama yake ina miba mingi, lakini ilivyobanikwa juu ya chanja tukaila na wali wa Ifakara, ule unaonukia kabla hujaufunua, sikuwahi kula chakula kitamu hivyo.

Tulilala ukingoni, moto ukiwaka. Viboko walikoroma usiku kucha.

Siku ya pili ilikuwa yao. Kwenye kona moja binamu aliacha upondo ghafla. Mbele yetu kulikuwa na mstari wa mapovu ukitembea juu ya maji, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mjomba aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, mara tatu, kisha akasubiri. Kiboko akisikia hujitokeza, nawe ukajua alipo. Walijitokeza tisa, masikio yakipepea. Tuliambaa ukingo wa maji mafupi, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia kilindi, na anayekaa kati yake na kilindi ndiye anayepigwa. Mjomba alikuwa anawasemesha kwa Kindamba, sauti ya chini, sauti ileile aliyoniitikia salamu. Nilibana pumzi mpaka tulipowapita. Mamba niliwaona kumi na mmoja siku ile, lakini kifua kilinidunda kwa viboko tu.

Ndege siwezi kuwamaliza. Furukombe kila baada ya kona, wawili wawili, wakiitana vichwa vimerushwa nyuma. Keremkerem kwenye mashimo ya ukingo. Na kwenye matete ya Kivukoni, karibu kabisa na nyumbani, kuna ndege mdogo wa manjano wa jamii ya mnana asiyepatikana popote duniani isipokuwa bonde hili. Sayansi ilimpa jina mwaka 1990. Watoto wa Kivukoni wanavunja matete yenye viota vyake bila kujua, nami niliwaambia, na mmoja wao tangu hapo alikuwa akinionyesha kila kiota alichokiona.

Mchana tuliona sheshe, swala wa mabonde ya mito. Walikuwa kumi na wawili, wa rangi ya dhahabu iliyokolea, dume mmoja mwenye pembe zilizopinda. Walikuwa upande wa hifadhi, na mjomba alivuka kabisa mpaka ukingo wetu ili wasishtuke. Miaka ya 1990 waliohesabu kwa ndege walikuta makumi ya maelfu ya sheshe bondeni, wengi kuliko mahali pengine popote. Mama alikuwa akisema walikuwa kama mbuzi wa kijiji. Mashamba ya mpunga na mifugo vimesogea hadi mtoni, ardhi oevu iliyowekwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, imebanwa, na mwaka 2023 ikatangazwa Pori la Akiba la Kilombero. Wapo jirani zetu waliopoteza maeneo, na machungu yao nimeyasikia. Lakini nilipowatazama wale kumi na wawili sikuweza kutamani wapungue hata mmoja.

Usiku ule hapakuwa na wingu juu yetu, nyota zimejaa. Mjomba hata hivyo aliusogeza mtumbwi juu ya ukingo, akahamisha na moto. Nilimuuliza kwa nini.

"Tazama kule," akanielekeza kusini-magharibi, mlimani. Radi zilikuwa zinamulika bila sauti, mbali sana. "Kule kunanyesha. Hapa tutayapokea kesho."

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda shibiri nzima, yamebadilika rangi kama chai ya maziwa, yakibeba majani ya miti ambayo haioti bondeni. Mahali tulipokuwa tumewasha moto jana yake samaki walikuwa wanaruka. Niliokota jani moja pana, la kijani bado, nikalikausha ndani ya daftari. Maji hayo yataungana na Luwegu, yawe Rufiji, yazungushe mitambo ya megawati 2,115 ya Bwawa la Julius Nyerere. Taa ninayoandikia hapa Dar inawaka kwa sehemu ya mvua ile.

Tulishuka na mkondo, upondo umelazwa, na safari ya siku mbili ikawa ya nusu siku.

Asubuhi ya kuondoka niliamka kabla ya adhana. Nilikwenda peke yangu hadi kwenye kijiti, nikachuchumaa, nikawasha tochi ya simu. Alama mbili zilikuwa zimetokeza juu ya maji, na chini ya ya pili tope lilikuwa bado bichi.

Mjomba alikuja amejifunga shuka, mswaki mdomoni.

"Yamepungua vidole viwili," nikamwambia.

Hakuinama kuhakikisha. Aligeuka kuelekea nyumbani, akamwita binamu alete migono.